Sura ya Nne: Kiatu Kisicho na Makuu

Mwaka 2008, katika pango la Areni-1 nchini Armenia, mwanafunzi wa akiolojia aitwaye Diana Zardaryan alikuta kiatu cha ngozi ndani ya shimo dogo. Kilikuwa cha mguu wa kulia, saizi 37 kwa vipimo vya leo, na ndani kilishindiliwa nyasi. Wataalamu walipokipima umri wakapata miaka ipatayo 5,500. Maana yake kilishonwa yapata miaka elfu moja kabla ya Wamisri kujenga piramidi kubwa ya Giza. Ukavu wa pango na tabaka la samadi ya kondoo lililotanda juu yake ndivyo vilivyokihifadhi, hata kamba zake zikabaki matunduni.

Mimi ni mshona viatu, na picha ya kiatu kile nimeitazama kuliko picha ya kiatu kingine chochote. Kimekatwa kwenye kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe. Kipande hicho kinauzunguka mguu, kinafungwa kwa kamba ya ngozi mbele na nyuma, basi. Hakuna soli iliyobandikwa, hakuna kisigino, hakuna ua wala nakshi. Hata hivyo ni kizuri mno. Ngozi imeshika umbo la mguu wa mtu aliyekivaa, unaona mahali kidole gumba kilipokaa, na kamba zimepita kwa mpangilio wa mtu aliyejua anafanya nini.

Kiatu cha namna ile hakijafa. Kwenye karakana za Ulaya zinazoshona viatu vya kuagiza, moja ya kazi zinazoogopwa ni kiatu cha kipande kimoja: ngozi moja inazungushwa mguu mzima na kuunganishwa nyuma kwa mshono mmoja tu. Dukani unaweza kukipita usikione. Lakini mwanagenzi hapewi kazi hiyo. Kiatu cha kawaida kina vipande vingi, na vipande vingi humpa fundi nafasi nyingi za kujisetiri. Kovu la ngozi likiwa hapa, unakata kipande kidogo pale ukalikwepa. Ngozi ikifanya kunyanzi kwenye kalibu ya umbo la mguu, unaupitisha mshono juu ya kunyanzi na hakuna anayejua. Kiatu cha kipande kimoja kinataka eneo kubwa la ngozi isiyo na doa, kisha kinataka ngozi hiyo ivutwe juu ya kalibu ikiwa na unyevu, taratibu, mpaka ikubali kushuka kwenye upindo wa mguu bila kujikunja. Ukikosea umepoteza ngozi yote.

Kwa hiyo watu wanaodhani kiatu kisicho na mapambo kimepita mikononi mwa fundi haraka wamekosea. Kazi yake huwa nyingi kuliko ya kiatu kilichopambwa, na karibu yote iko mahali ambapo mteja haangalii.

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, aliniagiza makubadhi ya mumewe ya kuvaa Idi. Alipokuja kuyachukua nikamwamkia, nikampa kiti. Akayageuza, akayatazama chini, akayatazama juu.

"Fundi, mbona hayana hata ua? Bei yote hii ya nini?"

"Mama, naomba upitishe kidole hapa ubavuni mwa soli."

Akapitisha. Akarudia tena, safari hii pole pole.

"Hii ni ngozi au plastiki?"

"Ni ngozi, mama. Tabaka tatu. Hebu zihesabu."

Akaiweka soli karibu na miwani, akatafuta maungio asiyaone. Hakuniuliza bei tena. Akakaa, akavua kiatu chake cha kulia, akataka nichore mguu wake palepale.

Ubavu wa soli ndio mahali pa kwanza pa kumjulia mshona viatu. Makubadhi mazuri yana soli ya chini ngumu, tabaka la kati, na ngozi ya juu laini inayogusa wayo. Tabaka hizo zikishagandishwa na kushonwa, fundi hukata pembeni kwa kisu kilichosimama wima, mkono usitetereke, maana kisu kikilala kidogo tu soli inakuwa pana chini na nyembamba juu. Kisha ni msasa mkali, halafu msasa laini. Baada ya hapo unalowanisha ukingo kwa maji kidogo na kuusugua kwa kipande cha mti mgumu. Mimi natumia mpingo. Joto la msuguano linalaza nyuzi za ngozi, vinyweleo vinajifunga, tabaka tatu zinaanza kuonekana moja. Unapaka nta ya nyuki, unasugua tena. Rangi inakolea yenyewe, kahawia ya ndani inayotoka kwenye ngozi bila kupakwa chochote cha kopo. Fundi mwenye haraka hupaka rangi nzito ukingoni akamaliza, na siku atakayouza ukingo wake utang'aa kuliko wangu. Tofauti huonekana baada ya mvua mbili: rangi inabanduka na tabaka zinaachana midomo.

Ukingo unaosuguliwa hivyo unategemea ngozi yenyewe, na habari ya ngozi ni ndefu. Sehemu kubwa ya ngozi duniani leo hulainishwa kwa chumvi za kromu. Njia hiyo ilienea mwishoni mwa karne ya 19, ni ya haraka, na hutoa ngozi laini inayostahimili maji. Sina ugomvi nayo kwa buti za kazini. Lakini ukiikata, ndani unakuta rangi ya kijivu inayoelekea samawati, na ukingo wake hauwezi kusuguliwa ukafunga. Ngozi ya kushonea viatu visivyo na makuu ni ile iliyolainishwa kwa magome ya miti, kazi ya majuma mengi, wakati mwingine miezi. Magome yana tanini inayoshikana na nyuzi za ngozi na kuizuia isioze. Ukanda wetu umeyajua magome hayo zamani. Magome ya mikoko kutoka delta ya Rufiji yalisafirishwa nje tangu enzi za Wajerumani kwa ajili ya viwanda vya ngozi vya ng'ambo. Nyanda za juu za Njombe na za Kenya zikapandwa miwati, mti wenye asili ya Australia, kwa sababu hiyohiyo ya magome. Nikipokea ngozi ya magome naijua kwa harufu kabla sijaifungua: inanukia mti uliokatwa karibuni.

Ngozi hiyo haibaki ilivyo. Ukiinunua ina rangi ya mkate usioiva vizuri. Jua, mafuta ya mguu na vumbi la njiani vinaikoleza mwaka hadi mwaka. Inabonyea mahali mwenye kiatu anapokanyagia sana. Ukiifunika kwa rangi na vibati umemnyima mvaaji sehemu ambayo angeimalizia yeye mwenyewe kwa kutembea.

Tatizo letu Afrika Mashariki ni kwamba ngozi nyingi hutufikia zikiwa zimeumizwa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani, lakini ng'ombe huyo amepigwa chapa ya moto ubavuni, amechanwa na miiba, ameliwa na kupe, na mwishoni mchunaji amemkata kata kwa kisu cha haraka. Chapa ikipigwa juu ya paja au mgongoni imeharibu hasa sehemu ninayoitaka, kwa kuwa soli hutoka mgongoni, ambako nyuzi zimeshikamana, wakati ngozi ya tumbo huvutika na kulegea. Naitandaza ngozi mezani, naipitia kwa kiganja, nachora kwa chaki makovu yote kabla ya kugusa kisu. Kuna siku ngozi nzima inanipa soli chache kuliko nilivyotarajia. Mfugaji anayepiga chapa shingoni au mguuni chini, na mchunaji anayefuata mfuo badala ya kuvamia, wanachangia uzuri wa kiatu kuliko duka lolote la mapambo, na ningependa wote wawili walipwe kwa hilo.

Si kila kovu nalikwepa. Mkwaruzo wa mwiba uliopona, usiofika ndani, mara nyingine nauacha juu ya ukanda. Ngozi ni ya mnyama aliyeishi porini, na alama hiyo haidhoofishi kitu.

Mshono nao una elimu yake. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, moja juu na moja chini, zinazoshikana katikati ya ngozi. Uzi mmoja ukikatika, mshono unaweza kufumuka mstari mzima. Sisi wa mkono tunatumia uzi mmoja mrefu wenye sindano mbili, kila ncha na yake. Msharasi unatoboa, sindano ya kushoto inapita, ya kulia inafuata katika tundu lilelile ikitokea upande wa pili, unavuta mikono yote miwili kwa nguvu sawa. Uzi unakuwa umepita kila tundu mara mbili. Ukikatika mahali, upande wa pili bado umeshika, na uzi uliopakwa nta unang'ang'ania tunduni. Kabla ya kushona soli nachimba kijifereji chembamba kwa chini, mshono uzame humo usiliwe na lami. Nikimaliza nagonga kwa nyundo, kidogo kidogo, mpaka matundu yafunge. Mishono ikiwa imelingana na kuinama upande mmoja, kiatu kimeshapata nakshi yake. Sioni haja ya kuongeza.

Lakini ngozi nzuri na mshono mzuri havitoshi kama gidamu imekaa vibaya. Makubadhi yanashikwa na gidamu inayopita kati ya kidole gumba na kidole cha pili, pamoja na ukanda wa juu ya mguu. Tundu la gidamu likisogea milimita tatu kwenda ndani, kisigino kinaning'inia nje ya soli. Likisogea nje, kidole gumba kinasuguliwa mpaka kinatoa malengelenge. Mguu wa binadamu una mifupa 26 na hautulii: unavimba kuelekea jioni, unarefuka mtu anaposimama, na wa kushoto mara nyingi haufanani na wa kulia. Kwa hiyo nachukua kipimo jioni, mteja amesimama, uzito kwenye miguu yote miwili, na kalamu naishika wima kabisa. Kalamu ikiinama kuingia chini ya mguu nimechora mguu mwembamba usiokuwepo. Kila mguu una karatasi yake. Viatu vingi vya Ulaya, hadi mwanzoni mwa karne ya 19, vilishonwa bila kutofautisha kulia na kushoto, miguu ikaachiwa kazi ya kuvizoea. Nawahurumia waliovivaa.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fundi halali kwenye viatu vya wateja wake. Ndiyo maana nikishakabidhi jozi nasema: tembea nayo juma moja, kisha urudi hata kama huna malalamiko. Naangalia ngozi ya juu ilivyobonyea, naona mahali mguu ulipokataa mpango wangu. Ukanda unaweza kulegezwa au kukazwa. Tundu la gidamu haliwezi kuhamishwa. Kwenye kiatu chenye kanda nyingi, mguu ungepata ukanda mwingine wa kuegemea. Hapa kuna gidamu na ukanda mmoja tu, na vyote lazima vikae sawasawa.

Nisieleweke kwamba napinga mapambo. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika pwani nzima kwa mafundi wake wa ngozi, sambamba na wachonga mbao na wanakili wa misahafu. Makubadhi ya pwani yaliyotiwa nakshi za nyuzi na vipande vya ngozi ya rangi ni urithi wetu, na kanzu nyeupe inayashukuru. Ukiyachunguza ya zamani yaliyotengenezwa vizuri utaona nakshi imekaa palepale ukanda unapohitaji nguvu, mishono ya urembo ikishika tabaka mbili zisiachane. Nakshi ya namna hiyo ina kazi, na mimi nikiiona navua kofia. Ninayoilalamikia ni ile inayogandishwa juu ya soli ya kadibodi ili mnunuzi asigeuze kiatu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ushanga wa plastiki juu ya gundi ndio miguu ya hicho kibaya.

Upande wa pili kabisa kuna katambuga, viatu vya tairi kuukuu ambavyo wafugaji wa Kimaasai huvikanyagia miiba ya nyika na ambavyo kwa jirani zetu Kenya huitwa akala. Fundi wa katambuga hukaa chini ya mti akiwa na kisu kilichonolewa, nyundo na misumari midogo. Soli inakatwa kwenye mgongo wa tairi, kanda zinatoka ubavuni mwake palipo pembamba. Wengine huona ni viatu vya dhiki. Mimi naviona kati ya vitu vilivyofikiriwa vizuri zaidi katika nchi hii. Tairi lina mpindo wake wa asili, na fundi hujua akate kuelekea wapi ili mpindo ule ulale chini ya mguu bila kuubinua. Hakuna kilichoongezwa ambacho kazi haikukiita. Mchungaji anatembea nazo kutwa, mwaka baada ya mwaka, na zikichakaa zinaonyesha alama za tairi bado.

Tukitoka chini ya mti huo hadi Morogoro tunakuta kisa kinachoumiza. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, kilijengwa pale kiwanda cha viatu kilichokusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, sehemu kubwa iende kuuzwa Ulaya. Mashine zilikuwa za kisasa. Jengo lilikuwa na kuta za alumini bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto la Morogoro. Mashine ziliharibika, vipuri vikakosekana, na kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Mwaka 1990 kilisimama. Wachumi wameandika mengi juu yake. Mimi nasema kama mshona viatu: mpango ule ulianzia kwenye ukubwa wa jengo na wingi wa jozi. Mguu, ngozi ya ng'ombe wa Gairo na Dodoma, na mkono wa fundi aliyekuwepo tayari vilikuja mwisho, kama vilikuja. Nchi yenye ng'ombe wengi na miguu mingi namna hii haikuhitaji kuanzia huko. Ilihitaji mchunaji mwenye kisu kizuri, kiwanda kidogo cha kulainisha ngozi kwa magome, na fundi anayeweza kununua ngozi safi karibu na kwake. Bado inavihitaji.

Fundi mwenye akili hujifunza pia kutokana na uhaba. Salvatore Ferragamo, Mwitalia aliyekuwa akiwashonea waigizaji wa Hollywood kabla ya kurudi Florence, alikosa chuma bora cha kuimarishia nyayo za viatu baada ya Italia kuivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwekewa vikwazo. Akajaza nafasi iliyo kati ya kisigino na soli kwa gome jepesi la mti, lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Kipande kimoja kikachukua kazi ya sehemu kadhaa, na kiatu cha namna hiyo kinavaliwa na wanawake mpaka leo. Vita ile ilikuwa dhuluma kwa Waethiopia na hakuna kiatu kinachoifidia. Ila somo la mezani nalichukua: alipoondolewa kitu hakukitafutia mbadala wa kukiiga, aliuliza mguu unataka nini hasa.

Ninaomba jambo moja kwa msomaji. Utakapoenda kununua kiatu, kwa fundi wa mtaani au dukani, usianze na sura yake. Kigeuze. Pitisha kidole ubavuni mwa soli. Vuta ukanda uone kama umeshonwa au umegandishwa tu. Kinuse. Simama nacho kwa miguu yote miwili, ikiwezekana jioni, na utembee hatua za kutosha. Ukimkuta fundi anayekata ngozi safi, anayeshona kwa sindano mbili na kukupima ukiwa umesimama, usimpunguzie bei kwa sababu kazi yake haina maua. Mlipe, kisha mrudishie viatu hivyo avibadilishe soli zitakapokwisha.